Uchaguzi mkuu wa Maine, Novemba 2026: nafasi zilizomo kwenye karatasi, wagombea, na nafasi ambazo majina yake hutayaona

MLETA UZI

Ndugu zangu wa Portland, Lewiston, Westbrook na kwingineko katika jimbo hili la Maine, salaam. Nawaandikia mapema, kabla ya kura za mchujo, ambazo kila chama humchagulia mgombea wake, za tarehe 9 Juni na muda mrefu kabla ya uchaguzi mkuu wa Jumanne tarehe 3 Novemba 2026, kwa sababu kila uchaguzi unapokaribia huketi mezani na jamaa waliopata uraia karibuni tukaisoma pamoja karatasi ya kura ya mfano, na kila mara naona jambo lile lile. Habari za Washington wanazo zote, hata za jana usiku. Lakini ugavana na bunge la jimbo, vyombo ambavyo ndivyo vilivyoamua kama familia iliyofika bila kitu itasaidiwa kodi ya nyumba au haitasaidiwa, wanavipita haraka kana kwamba ni maandishi ya pembeni.

Katika uzi huu nikisema jimbo nina maana ya Maine nzima. Sehemu ndogo inayochagua mbunge mmoja nitaiita eneo la uchaguzi, ili wenzetu wa Tanzania na Kenya wasichanganyikiwe.

Nianze na kiti cha gavana, maana safari hii kiko wazi. Janet Mills, wa chama cha Democratic, alichaguliwa mwaka 2018 na tena mwaka 2022, na katiba ya Maine hairuhusu gavana kushika vipindi zaidi ya viwili mfululizo. Gavana ndiye mtendaji pekee anayechaguliwa na wananchi wa jimbo zima. Maine haina naibu gavana. Gavana akifariki au akijiuzulu, anayeshika nafasi ni rais wa seneti ya jimbo, kama ilivyotokea mwishoni mwa mwaka 1959 alipofariki Gavana Clinton Clauson na John Reed, aliyekuwa rais wa seneti, akaapishwa. Kwa hiyo hata kiti hiki kimoja kina mzizi wake bungeni, na huko ndiko nitakakorudi baadaye.

Waliotangaza nia ni wengi. Upande wa Democratic, mwaka 2025 walijitokeza Shenna Bellows, ambaye ni Katibu wa Jimbo. Troy Jackson, mkata magogo kutoka Allagash kaskazini kabisa na rais wa zamani wa seneti. Hannah Pingree, spika wa zamani wa baraza la wawakilishi. Angus King III, mfanyabiashara. Na Nirav Shah, ambaye wengi wetu tunamkumbuka kwa sauti yake ya utulivu alipokuwa mkuu wa kituo cha kudhibiti magonjwa cha Maine wakati wa UVIKO. Upande wa Republican walijitokeza, miongoni mwa wengine, Bobby Charles, Jonathan Bush, Owen McCarthy, Jim Libby na Ben Midgley. Nje ya vyama yupo Rick Bennett, seneta wa jimbo kutoka kaunti ya Oxford, aliyewahi kuwa rais wa seneti kwa tiketi ya Republican na akakihama chama hicho mwaka 2025 ili awe mgombea binafsi.

Mtaona majina ya koo zinazojulikana. Hannah Pingree ni binti wa Chellie Pingree, mbunge wetu wa Washington. Angus King III ni mtoto wa Seneta Angus King, aliyewahi kuwa gavana hapa. Jonathan Bush ni wa ukoo wa marais wawili. Sisemi kwamba hilo ni kosa, maana mtoto wa mkulima anaweza kuwa mkulima bora. Nasema tu kwamba jina si hoja, na mtu anayekuja kuomba kura yako anadaiwa hoja hata kama baba yake ulimpenda.

Kura za mchujo za Maine zimefunguliwa kidogo tangu mwaka 2024. Mpiga kura asiyejiandikisha na chama chochote anaweza kuomba karatasi ya chama kimoja, kimoja tu, akapiga kura yake bila kujiunga nacho. Wengi wetu tumejiandikisha bila chama na tunadhani Juni haituhusu, kumbe inatuhusu sana.

MCHANGIAJI WA KWANZA, LEWISTON

Kaka, ahsante kwa uzi huu. Nina swali moja. Mwaka 2024 nilipopiga kura ya rais niliwapanga wagombea: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mwalimu aliyetufundisha alisema Maine ndivyo inavyofanya. Basi Novemba hii kwa gavana nitapanga vile vile, na kama ni hivyo, mbona nasikia watu wakiogopa kwamba mgombea binafsi atagawa kura?

MLETA UZI

Dada, umegusa penyewe. Hofu hiyo ina msingi, kwa sababu kwa gavana, mwezi Novemba, hutapanga. Utachagua mmoja, na mwenye kura nyingi kuliko wenzake ndiye mshindi, hata kama hajafika nusu.

Nieleze ilivyokuja, maana bila historia hili halieleweki. Mwaka 2010 wagombea wakubwa wa ugavana walikuwa watatu. Paul LePage wa Republican alipata takriban asilimia 38, Eliot Cutler, mgombea binafsi, asilimia 36, na Libby Mitchell wa Democratic asilimia 19. LePage alimzidi Cutler kwa kura zisizofika 10,000, akawa gavana, ilhali zaidi ya wapiga kura sita katika kila kumi walikuwa wamemchagua mtu mwingine. Halikuwa jambo geni hapa. Mwaka 1994 Angus King, naye mgombea binafsi, alishinda kwa asilimia 35, akimtangulia Joseph Brennan wa Democratic kwa pengo dogo, na wa tatu akawa Susan Collins, huyu huyu ambaye leo ni seneta. Lakini matokeo ya 2010 ndiyo yaliyowatia watu shime, na mwezi Novemba 2016 wananchi wakaipitisha kwa kura zao sheria ya kupanga wagombea kwa nafasi, yaani asipopatikana wa zaidi ya nusu, wa mwisho hutolewa na kura zake huenda kwa chaguo lililofuata la mpiga kura.

Mwezi Mei mwaka uliofuata, Mahakama Kuu ya Maine, ilipoombwa ushauri na seneti, ilijibu kwamba sheria hiyo inagongana na katiba ya jimbo, ambayo inasema gavana, maseneta wa jimbo na wawakilishi wa jimbo hupatikana kwa wingi wa kura tu. Katiba haigusi namna ya kuhesabu kura za mchujo, wala haigusi nafasi za Washington. Ndiyo maana tangu mwaka 2018 tuna mifumo miwili katika jimbo moja. Mwezi Juni utawapanga wagombea wa ugavana ndani ya chama. Mwezi Novemba utawapanga wagombea wa Seneti ya Marekani na wa Baraza la Wawakilishi la Marekani. Ila kwa gavana na kwa wabunge wa jimbo, siku ile ile ya Novemba, unatia alama moja. Ukitia alama kwa wagombea wawili katika safu ya gavana, kura yako ya gavana imeharibika na haihesabiwi.

Maneno hayo ya katiba yana kisa chake. Zamani Maine ilimtaka gavana apate zaidi ya nusu, na asipopatikana, bunge liamue. Uchaguzi wa mwaka 1879 ukaingia katika mgogoro wa kuhesabu, pande mbili zikadai kuwa ndizo bunge halali, watu wenye silaha wakajaa mjini Augusta, makao makuu ya jimbo, na kwa siku kumi na mbili za Januari 1880 aliyelinda jengo la serikali na amani ya mji alikuwa Joshua Chamberlain, jenerali wa vita vya wenyewe kwa wenyewe na gavana wa zamani. Mwaka huo huo katiba ikarekebishwa, gavana akawa wa wingi wa kura tu. Yaani kanuni inayotutia wasiwasi leo iliwekwa na watu waliokuwa wametoka kuponea chupuchupu kuuana, na mimi siwezi kuwadharau kwa hilo.

Ndugu zetu Wakongomani hawahitaji kuelezwa tofauti ya mifumo hii. Mwaka 2006 Joseph Kabila na Jean-Pierre Bemba walikwenda duru ya pili. Januari 2011 katiba ikabadilishwa, duru ikabaki moja. Na kwa uchaguzi wa Desemba 2018 mshindi alitangazwa kwa asilimia 38 na ushei. Tanzania nayo iliacha sharti la nusu ya kura za urais mwaka 2000. Kenya imelishika hadi leo, na juu yake ikaweka angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Kila mmoja wetu kaja hapa na desturi ya kwao kichwani, na hiyo ndiyo sababu nasisitiza: soma maelekezo yaliyoandikwa juu ya kila safu, kwa sababu karatasi moja ina kanuni mbili.

MCHANGIAJI WA PILI, PORTLAND

Ndugu mleta uzi, nakubaliana nawe katika maelezo, ila nachelea hitimisho ambalo watu watalitoa: kwamba mgombea binafsi ni mharibifu, tumwepuke. Maine imewahi kuongozwa vizuri na magavana wasio na chama. James Longley alishinda mwaka 1974, King akashinda mara mbili. Kama kila mtu angepiga kura kwa kuogopa hesabu, wasingepatikana. Mimi nitampigia ninayemwamini, na hesabu ijitengeneze yenyewe.

MLETA UZI

Mheshimiwa, sijamwita yeyote mharibifu, na hoja yako ni ya haki. Hata hivyo, turudi mwaka 2010 tuone kilichowapata waliopiga kura kama unavyosema. Cutler alipanda sana katika wiki za mwisho, na wafuasi wengi wa Mitchell walitaka kumhamia, lakini baadhi yao walikuwa wamekwishatuma kura zao za mapema, na kura ikishapokelewa hairudi. Ushauri wangu kwa uchaguzi wa watu watatu ni huu: kura ya mapema ni haki yetu, hapa haihitaji sababu, na wafanyakazi wa zamu za usiku katika viwanda na hospitali wanaihitaji, lakini kama una njia ya kufika kituoni na bado unasitasita kati ya wawili, usikimbilie kuituma wiki nne kabla. Subiri uone nani yuko wapi. Baada ya hapo mpigie unayemwamini, ukijua kura hiyo itahesabiwaje.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niuanzishe uzi huu hasa, nalo ni bunge la jimbo.

Baraza la wawakilishi lina viti 151 na seneti ina viti 35, na vyote vinagombewa kila baada ya miaka miwili. Eneo la uchaguzi la mwakilishi mmoja lina watu kama 9,000 tu, watoto wakiwemo. Mwakilishi wako ni mtu unayeweza kumkuta kwenye foleni ya dukani. Mwaka 2022 Mana Abdi alishinda Lewiston na Deqa Dhalac akashinda South Portland, wakawa Wasomali Wamarekani wa kwanza katika bunge hilo, na hawakuhitaji mamilioni kufanya hivyo.

Lakini kazi ya bunge hili haiishii kwenye sheria. Katika majimbo mengi ya Marekani Mwanasheria Mkuu, Katibu wa Jimbo na Mhazini huchaguliwa na wananchi. Maine haifanyi hivyo. Majina hayo hutayaona kwenye karatasi ya Novemba. Mwezi Desemba, bunge jipya linapokutana kwa mara ya kwanza, wawakilishi na maseneta huketi pamoja na kuwachagua kwa kura yao. Wakongomani mnaijua njia hii, maana kwenu wabunge wa mikoa ndio wanaowachagua magavana na maseneta. Basi anayekuomba umchague kuwa mwakilishi wa eneo lako anakuomba pia umwachie kura yako ya Mwanasheria Mkuu.

Tazameni maisha ya Janet Mills mwenyewe. Desemba 2008 bunge lenye Democrats wengi lilimchagua kuwa Mwanasheria Mkuu, akaingia ofisini Januari 2009. Uchaguzi wa 2010 ukawapa Republicans mabaraza yote mawili, na Januari 2011 nafasi ikaenda kwa William Schneider. Mwaka 2012 wingi ukarudi kwa Democrats, na mwaka 2013 Mills akarudi ofisini. Hakuna mara hata moja kati ya hizo ambayo jina lake lilikuwa mbele ya mwananchi. Lililokuwa mbele ya mwananchi ni jina la mwakilishi wa mtaani kwake.

Ilikuwa na uzito gani kwetu? Mwaka 2014 serikali ya Gavana LePage iliziambia halmashauri za miji kwamba zikiwapa watu wasio na hadhi kamili ya uhamiaji, waomba hifadhi wakiwemo, ule msaada wa dharura wa kodi na chakula unaopitia ofisi za miji, jimbo halitazirudishia fedha. Mills, akiwa Mwanasheria Mkuu, alipinga uhalali wa agizo hilo. Miji ya Portland na Westbrook ikaenda mahakamani pamoja na umoja wa halmashauri. Mwaka 2015 bunge likapitisha sheria iliyowaruhusu waomba hifadhi kupata msaada huo hadi miezi 24. Gavana alitaka kuipinga, lakini yeye na wasaidizi wake walikuwa wameshikilia miswada 65 kupita siku kumi ambazo katiba inampa, wakiamini bunge limekwishaahirishwa, na mwezi Agosti Mahakama Kuu ikasema miswada hiyo imekuwa sheria.

Nilikuwa nikisoma habari hizo nikiwa na jamaa nyumbani ambao kodi yao ilikuwa inategemea uamuzi ule. Gavana alikuwa mmoja, Mwanasheria Mkuu mwingine, na bunge lilikuwa na sauti yake. Ndiyo sababu siwezi kumsikia mtu akisema nafasi ya mwakilishi ni ndogo nikanyamaza.

Ofisi ya Katibu wa Jimbo nayo ndiyo inayosimamia uchaguzi. Desemba 2023 Shenna Bellows, akiwa na wadhifa huo, aliamua kwamba Donald Trump hastahili kuwemo kwenye karatasi ya mchujo ya Maine. Tarehe 4 Machi 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua, katika kesi ya Colorado, kwamba jimbo halina mamlaka hayo kwa nafasi ya kitaifa, naye akauondoa uamuzi wake. Mtu anaweza kuuunga mkono au kuulaumu uamuzi ule. Aliyeufanya alikuwa amechaguliwa na wabunge, na wabunge hao tuliwachagua sisi.

MCHANGIAJI WA TATU, AUBURN

Shikamoo mzee. Naomba utufafanulie nafasi za kaunti, na pia kuna mgombea wa seneti ya jimbo aliyegonga mlango akaomba dola 5. Ni halali?

MLETA UZI

Marahaba mwanangu. Kwa kaunti nitasema kwa kifupi. Mwendesha mashtaka wa wilaya, ambaye huamua nani ashtakiwe na kwa kosa gani, anachaguliwa safari hii. Jimbo limegawanywa katika wilaya nane za mashtaka ndani ya kaunti 16. Utakuta pia sherifu katika kaunti nyingi, makamishna wa kaunti, na mahali pengine jaji wa mirathi. Majaji wengine wote huteuliwa na gavana na kuthibitishwa na seneti, kwa miaka saba.

Dola 5 ni halali, tena ni mpango ambao wananchi wenyewe waliupigia kura mwaka 1996. Mgombea anayetaka kufadhiliwa na fedha za umma badala ya matajiri lazima kwanza aonyeshe kwamba watu wa eneo lake wanamtaka, kwa kukusanya michango midogo kutoka kwa wapiga kura walioandikishwa hapo: angalau 60 kwa kiti cha wawakilishi na 175 kwa seneti. Dola hizo ziwe zako mwenyewe, usipewe na mtu ili umtolee, na utie sahihi kwa jina lako. Hulazimiki kumpigia kura baadaye.

MCHANGIAJI WA NNE, PORTLAND

Kaka, mama yangu amepata uraia mwaka huu lakini hasomi Kiingereza. Mdogo wangu ana kadi ya kijani tu, yaani kibali cha kuishi hapa bila uraia, na alipokwenda kwa ajili ya leseni ya udereva aliulizwa kuhusu kujiandikisha kupiga kura. Nifanyeje na hawa wawili?

MLETA UZI

Mdogo wako asijiandikishe, na asipige kura, mpaka aapishwe kuwa raia. Hapa nataka niseme kwa uzito wote. Popote anapokuta fomu inayouliza kama yeye ni raia wa Marekani, ajibu hapana, na kama hakuielewa fomu, asitie sahihi mpaka apate mtu wa kumtafsiria. Kudai uraia ambao huna, hata kwa kukosea kisanduku, kunaweza kufunga kabisa njia ya uraia wenyewe na kumfikisha mtu katika kesi ya kufukuzwa. Kama anaamini aliandikishwa kimakosa, amwone wakili wa uhamiaji kabla hajaiandikia ofisi yoyote.

Mama yako ni habari ya furaha, mpe hongera zangu. Anaweza kujiandikisha kwenye ofisi ya mji au siku ile ile ya uchaguzi kituoni. Maine imeruhusu hivyo tangu mwaka 1973, na mwaka 2011 bunge lilipojaribu kuiondoa ruhusa hiyo wananchi waliirudisha kwa kura zao. Aje na kitambulisho na kitu kinachoonyesha anapoishi, kama vile bili ya umeme. Kuhusu lugha, sheria ya Marekani inampa asiyeweza kusoma haki ya kuingia na msaidizi anayemtaka mwenyewe, ila asiwe mwajiri wake wala mwakilishi wa chama chake cha wafanyakazi. Unaweza kuingia naye wewe. Mweleze msimamizi mlangoni, msomee kila safu pamoja na maelekezo yake, na safu ya gavana na ya wabunge wa jimbo mkumbushe kwamba ni alama moja tu. Chaguo liwe lake.

Nitaiweka hapa karatasi ya mfano ya Lewiston na ya Portland mara tu zitakapotolewa, tuisome safu kwa safu.